Maiki na Omu Zake: Kuchomeka Moja kwa Moja Kwenye Mtambo

Umenunua maiki, umeichomeka kwenye amplifaya ya kanisa, ya msikiti au ya kikundi chenu cha shughuli, na sauti inatoka hafifu. Unapandisha volyumu hadi mwisho, lakini kinachopanda ni mvumo. Mmoja anasema maiki ni feki, mwingine anasema mtambo umezeeka. Kabla hujarudi Kariakoo au Luthuli Avenue kununua kingine, chunguza kwanza jinsi hivyo viwili vilivyokutana. Maiki ina impidansi yake, tundu la mtambo lina impidansi yake, na kuna namna ya kuvikutanisha inayoua sauti hata kama kila kimoja ni kizima na kilinunuliwa kwa bei kubwa.

Impidansi ni ukinzani ambao umeme wa sauti hukutana nao njiani. Hupimwa kwa omu, na kwenye vifaa huandikwa kwa alama ya Ω au kwa herufi Z. Ukiona Lo-Z, hiyo ni impidansi ya chini. Hi-Z ni ya juu. Maiki yenye omu 150 hadi 600 huhesabiwa kuwa ya chini. Yenye omu 10,000 na kuendelea ni ya juu. Karibu maiki zote za kuimbia na kuhubiria zinazouzwa leo ni za chini, zikiwemo nyingi za bei nafuu za karaoke ambazo zimeandikwa 600Ω kwenye boksi.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulisema vibaya. Utaambiwa kwamba maiki ya omu 600 inataka tundu la omu 600, ya 150 inataka la 150. Ushauri huo una asili yake: katika mitambo ya simu ya zamani, vifaa viliunganishwa kwa omu 600 kila upande ili nguvu yote inayowezekana ivuke kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Lakini mtambo wa sauti wa leo hautafuti nguvu kutoka kwenye maiki. Unatafuta volti. Na volti huvuka vizuri pale tundu la kupokelea linapokuwa na omu nyingi kuliko maiki, angalau mara tano, na heri mara kumi.

Chukua Shure SM58, maiki iliyotoka mwaka 1966 na ambayo umeiona kwenye kila jukwaa. Impidansi yake iliyotangazwa ni omu 150, ila halisi ni omu 300. Ichomeke kwenye tundu la omu 3,000 na utapoteza chini ya desibeli moja, kiasi ambacho sikio halikitambui. Ichomeke kwenye tundu la omu 300, zikiwa sawasawa kabisa kama ulivyoshauriwa, na nusu ya volti inapotea: desibeli 6 zimekwenda bure. Kwa hiyo ukikuta maiki ya omu 300 na tundu la omu 4,700, usitafute kifaa cha kusawazisha. Hapo mambo yako sawa, endelea na kazi.

Balaa liko upande wa pili. Maiki ya omu 10,000 kwenye tundu la omu 2,000 hubaki na sehemu moja kati ya sita ya volti zake. Ni kama mtoto aliyebebeshwa ndoo ya mtu mzima: hata akifika, amemwaga maji mengi njiani. Hilo ndilo la kuogopa, maiki ya impidansi ya juu kwenye tundu la impidansi ya chini. Mengine mengi yanayoitwa matatizo ya impidansi ni matatizo ya tundu au ya waya, na hayo ndiyo yanayowasumbua watu zaidi kila Jumapili na kila Ijumaa.

Soma mgongo wa mtambo

Geuza amplifaya uangalie nyuma. Amplifaya za mikutano, zile zinazoendesha spika za honi, mara nyingi huandikwa pembeni mwa kila tundu: MIC, kisha kiasi cha volti na omu, mfano milivolti kadhaa na 4.7kΩ. Tundu la AUX huandikwa volti nyingi zaidi na omu nyingi zaidi. Hizo namba mbili zisome pamoja. Ya omu inakuambia kama maiki itaelemewa. Ya volti inakuambia kama tundu lina masikio ya kutosha kuisikia.

Hii ya pili ndiyo husahaulika. SM58, sauti inapoifikia kwa ukubwa wa paskali moja, ambayo ni sauti ya nguvu iliyo karibu na maiki, hutoa milivolti 1.85 tu. Tundu la LINE la mtambo wa kitaalamu limezoea volti 1.23, zaidi ya mara 600 ya hapo. Ukichomeka maiki kwenye LINE au AUX, kwa upande wa omu hakuna ubaya wowote, maana tundu hilo lina omu nyingi. Ila hakuna wa kuikuza ile sauti ndogo. Utasikia mnong'ono, utapandisha kila kitufe, na mtambo utavuma. Hakuna transfoma wala kiunganishi kitakachoiponya hali hiyo. Hamisha maiki iende kwenye MIC.

Spika zenye amplifaya ndani yake, ambazo siku hizi ndizo kipenzi cha washereheshaji, zina mtego wake. Nyingi zina tundu moja lenye sura mbili: pembeni kuna matundu matatu ya plagi ya XLR, katikati kuna tundu la jeki kubwa ya milimita 6.3. Watu hudhani njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Katika vifaa vingi hazifiki. Upande wa XLR huenda kwenye kikuza sauti cha maiki. Tundu la katikati huenda kwenye mkondo wa LINE, au hupokea gita kwa omu milioni moja. Maiki ile ile, spika ile ile, ukitumia waya wenye jeki mwishoni sauti ni hafifu, ukitumia waya wa XLR pande zote mbili sauti inajaa ukumbi. Hivyo kama spika yako ni ya namna hiyo, achana na waya uliokuja na maiki, nunua wa XLR kwa XLR, kisha hakikisha swichi ya nyuma imekaa MIC na si LINE.

Kwenye amplifaya ya mikutano mambo ni kinyume: huko mara nyingi tundu la maiki lenyewe ndilo la jeki kubwa, na waya wa XLR kwa jeki ndio hasa unaotakiwa. Ndiyo maana umbo la plagi lisikuhukumie chochote. Nimeona maiki zenye jeki zikiitwa za impidansi ya juu kwa sababu tu zina jeki. Soma namba.

Fungua plagi, angalia waya

Ningekuwa na dakika tano tu za kukusaidia, ningezitumia hapa.

Maiki yenye XLR ina pini tatu. Pini ya 1 ni ya kinga, ile neti inayozunguka waya. Pini ya 2 na ya 3 ndizo zinazobeba sauti, moja ikisukuma pale nyingine inapovuta. Jeki ya kawaida isiyo na pete ina sehemu mbili tu, ncha na shina. Kwa hiyo waya wa kutoka XLR kwenda kwenye jeki hiyo unatakiwa uwe hivi: pini ya 2 kwenye ncha, pini ya 1 na ya 3, zote mbili, kwenye shina.

Wapo wanaotengeneza waya hizi kwa haraka wakaiacha pini ya 3 ikining'inia bila kuunganishwa. Kwa maiki ya koili kama SM58, hilo maana yake mzunguko wa umeme haujafungwa. Sauti itapita kwa kunyata, nyembamba, ikiwa na mvumo mwingi, au isipite kabisa. Na hapo ndipo mtu anaambiwa impidansi haziendani, anauziwa kifaa cha kubadilisha, na kifaa nacho hakisaidii kitu.

Jipimie mwenyewe. Weka mita kwenye alama ya mlio. Gusa tundu la 2 la XLR na ncha ya jeki: ilie. Tundu la 1 na shina: ilie. Tundu la 3 na shina: nayo ilie. Kama la 3 halilii popote, fungua jeki, lehemu kipande cha waya kati ya 3 na 1, funga. Kazi imekwisha.

Kuna waya mwingine unaofanana na huu lakini jeki yake ina pete, yaani mistari miwili myeusi badala ya mmoja. Huo una pini ya 3 kwenye pete, na ni mzuri sana mahali pake, kwenye tundu la maiki lililotengenezwa kwa jeki ya pete. Ukiuchomeka kwenye tundu la stirio, unapata kituko: upande wa kushoto unapokea sauti ikisukuma, wa kulia unapokea ikivuta. Mtambo ukiziunganisha pande hizo mbili kuwa moja, zinafutana. Msemaji anaongea, taa za mtambo zinacheza, spika ziko kimya. Ukikutana na hali hiyo, usitafute omu. Badilisha waya.

Maiki ya impidansi ya juu na urefu wa waya

Maiki za Hi-Z hazijaisha duniani. Wapiga harmonika bado wanaipenda Shure 520DX, ile ya duara yenye rangi ya kijani, ambayo ni ya impidansi ya juu na imetengenezwa ichomekwe kwenye amplifaya ya gita. Maiki za kioo cha piezo kutoka redio na rekoda za zamani nazo bado zimo kwenye makabati ya shule na ofisi. Na vinasio vya piezo vinavyobandikwa kwenye udi, gambusi au gita la kavu, ingawa si maiki, vina tabia ile ile na pengine zaidi.

Hizi zina adui wawili. Wa kwanza nimekwishamtaja, tundu la omu chache. Kwa piezo madhara yake hayaishii kwenye sauti kupungua: besi huondoka. Udi unaochomekwa kwenye tundu la maiki hubaki na sauti ya kukwaruza nyuzi tu, na lile tumbo la chombo halisikiki. Piezo inataka omu milioni moja au zaidi.

Adui wa pili ni waya wenyewe. Kila mita ya waya wa kawaida wa maiki ina kapasitansi ya kama pikofaradi 100, na kapasitansi hiyo ikikutana na impidansi kubwa hukata sauti za juu. Hesabu yake ni rahisi. Waya wa mita 30 una pikofaradi 3,000. Maiki ya omu 10,000 ikipitia humo, sauti zinaanza kukatika kuanzia karibu hezi 5,300 kwenda juu. Huko ndiko zinakokaa s, f na sh. Mhubiri anasema sifa, waumini wa nyuma wanasikia kitu kisicho na mwanzo wala kingo. Watu wazima wenye masikio yaliyochoka ndio wanaopoteza zaidi, na hao ndio waliokuja kusikiliza kwa makini. Maiki ya omu 150 ikipitia waya huo huo, mkato unaangukia kwenye hezi 350,000, mbali kabisa na sikio la binadamu.

Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: maiki ya impidansi ya juu, waya usizidi mita sita. Ukizidisha, mbali na kupoteza uwazi, utakaribisha mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani, na wakati mwingine redio ya jirani. Maiki ya chini yenye waya wa XLR pande zote mbili inaweza kutoka mimbarini hadi kwenye mtambo ulio nyuma ya ukumbi, mita 50 na zaidi, bila kulalamika. Ukiwa na uamuzi wa kufanya, yaani unapanga mtambo mpya wa jengo lenu, usinunue kitu kingine chochote zaidi ya hicho.

Transfoma inapohitajika kweli

Ipo hali moja ambamo kile kifaa cha kubadilisha impidansi kinastahili pesa yako. Una maiki nzuri ya omu 150, lakini mtambo ulio nao ni amplifaya ya gita au amplifaya ya zamani ya valvu ambayo tundu lake ni Hi-Z. Maiki haitaelemewa, ila tundu linasubiri volti nyingi zaidi kuliko inazotoa. Transfoma ya uwiano wa 1 kwa 10 huzidisha volti mara kumi, sawa na desibeli 20, na kuzidisha impidansi mara mia: omu 200 zinaonekana kama omu 20,000. Umbo lake ni kama bomba fupi, XLR upande mmoja, jeki upande mwingine.

Mahali pa kuiweka ndipo watu wanapokosea. Iweke kwenye mtambo, mwisho wa waya, isiwekwe kwenye maiki. Ukiiweka kwenye maiki, waya wako wote mrefu unakuwa wa impidansi ya juu, na yale yote ya mita sita na s zilizopotea yanarudi. Ikiwa kwenye mtambo, waya mrefu unabaki wa impidansi ya chini na mabadiliko yanatokea kwenye sentimita chache za mwisho. Iweke pia mbali na transfoma ya umeme ya amplifaya. Zikikaribiana hunasa mvumo. Kama jeki yake inaning'inia vibaya nyuma ya mtambo, tumia kipande kifupi cha waya badala ya kuiacha ivunje tundu.

Kwa safari ya kinyume, chombo cha Hi-Z kwenda kwenye tundu la maiki, tumia kisanduku cha DI, ambacho mafundi mitambo wengi wanacho kwa ajili ya gita. Hicho nacho kinakaa karibu na chombo, ili waya mrefu uwe ule unaotoka kwenye kisanduku. Kwa udi au gita la piezo, chukua DI ya betri au ya umeme wa mtambo yenye omu milioni moja au zaidi. DI ya bei ya chini isiyotumia umeme haitoshi kwa piezo.

Maiki mbili, tundu moja

Matundu yamejaa, kwaya ina waimbaji wanaongoja, na mtu anatoa waya wa matawi mawili: maiki mbili zinaingia tundu moja. Kiumeme, kila maiki sasa inaona mbele yake si tundu la omu 3,000 tu, bali pia maiki mwenzake ya omu 300. Kila moja inapoteza kama nusu ya volti zake. Isitoshe, swichi ya maiki nyingi huzima sauti kwa kuunganisha pini ya 2 na ya 3 pamoja. Mwimbaji mmoja akizima yake, ameizima na ya mwenzake, katikati ya ubeti. Miksa ndogo ya matundu manne ni dawa ya kweli. Sauti inayotoka humo iingie kwenye AUX ya amplifaya.

Yanayobaki ni mepesi. Kipokezi cha maiki isiyo na waya kina impidansi ya chini sana upande wa kutolea, hivyo usihangaike na omu zake. Angalia kama kimewekwa kutoa MIC au LINE na uchague tundu linalolingana. Simu na kompyuta ziende AUX. Umeme wa volti 48 ambao miksa hupeleka kwenye maiki za kondensa haudhuru maiki ya koili iliyounganishwa kwa XLR kamili, lakini uzime pale unapotumia kiunganishi kilichounga pini ya 3 na ya 1, na pale maiki ni ya zamani ya utepe. Mluzi unaotoka spika inapoielekea maiki hauhusiani na impidansi: sogeza spika mbele ya maiki, au sogeza mdomo karibu na maiki.

Na ukiwa nyuma ya mtambo, usichanganye haya na omu za spika. Kwenye maiki, tundu lenye omu nyingi zaidi halivunji kitu. Kwenye spika, omu zilizopungua chini ya kile kilichoandikwa kwenye amplifaya huichoma. Amplifaya iliyoandikwa 4Ω isifungiwe spika nne za omu 8 sambamba, maana hizo kwa pamoja ni omu 2. Honi zenye transfoma za laini ya volti 100 zifungwe kwenye skrubu za 100V, na jumla ya wati zake isizidi wati za amplifaya.